Modemu Bila Siku Tatu, Usinunue



Leo sizungumzii lesi wala shela. Nazungumzia modemu. Najua wapo watakaosema mshonaji na modemu wapi na wapi. Lakini wasichana wanaokuja kwangu kupimwa nguo za harusi, huku nimeshika tepu mkononi, huniuliza sana: "Dada, na wewe unafanyia biashara nyumbani, modemu gani nzuri niende nayo kwangu?" Mmoja anasoma kwa mtandao, mwingine anauza udi na mafuta, mwingine mama yake yuko Muscat na anataka waonane kila jioni bila ya picha kuganda. Siku hizi modemu imeingia katika orodha ya vyombo vya bibi harusi pamoja na jiko la gesi na feni.

Jibu langu ni moja. Hakuna modemu nzuri. Kuna modemu inayokubaliana na nyumba yako. Na kwa kuwa ukiwa dukani huwezi kulijua hilo kwa uhakika, basi usinunue modemu yoyote mpaka muuzaji akubali kukupa siku tatu za kuijaribu nyumbani kwako. Akikataa, funga pochi yako, mwage salamu, uondoke. Huo ndio msimamo wangu, na nimeulipia kwa pesa na kwa aibu.

Mimi nimesoma skuli mpaka kidato cha nne, nikaenda kujifunza ushoni, nikaanza na charahani moja ya mguu barazani kwa mama. Alhamdulillah sasa nina charahani nne na wasichana watatu wananisaidia. Wateja wangu wengi ni jamaa zetu walioko Oman na Dubai, ambao harusi ikifika bado wanautaka mkono wa nyumbani. Tunapimana kwa simu ya video: bibi harusi anasimama mbele ya kioo, dada yake kashika tepu, mimi naelekeza, "shusha kidogo, zungusha chini ya kwapa, usivute." Kazi hii haitaki mtandao wa kubahatisha.

Mwaka huo zamu yangu ya mchezo ilipofika, mchezo wetu wa akina mama wa mtaani, nilipokea shilingi laki tatu. Nikasema pesa hii haiishii jikoni, inanunua modemu. Nikaenda mjini. Kijana wa dukani akanitolea modemu ya mezani, ina antena mbili, imeandikwa 4G kwa maandishi makubwa. Akatia laini yangu, taa zikawaka, akafungua video ikacheza. Nikalipa laki mbili na nusu, nikarudi nyumbani nacheka peke yangu ndani ya daladala.

Nyumbani kwangu ni nje ya mji. Taa ziliwaka vilevile, lakini mtandao ulikuwa wa kuvuta kwa kamba. Asubuhi kidogo unakwenda, jioni watu wakirudi makwao unakufa kabisa. Na jioni ndiyo saa ya wateja wangu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na oda ya bibi harusi wa Muscat na ndugu zake wanne. Tulipofika kwenye kipimo cha kifua sauti ikaanza kukatika. Nikamuuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaona haya kuuliza mara ya nne, nikaandika nilichodhani nimekisikia: thelathini na mbili. Yeye alisema thelathini na sita. Nguo ilifika Muscat siku tisa kabla ya ndoa, zipu haipandi. Kitambaa kikishakatwa hakirudi, na lesi ile haikuwa na akiba ya kufumulia. Nilimrudishia pesa zake zote na kumwomba radhi yeye na mama yake. Amenisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini ndugu zake wanne walishonesha kwengine, na mimi nisingewalaumu.

Kosa lilikuwa langu pia. Ningemwambia aniandikie vipimo, yasingetokea. Tangu siku hiyo sikati nguo bila vipimo vya maandishi. Lakini na modemu ile ilikuwa na hadithi yake.

Niliirudisha dukani. Yule kijana akaniambia, "Dada, si nilikuwashia hapa ikafanya kazi? Tatizo liko kwako." Akanionyesha ukutani palipobandikwa karatasi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nikatoka bila la kusema.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa jirani anayesomea kompyuta. Aliigeuza modemu chini juu, akasoma kibandiko, akaniuliza, "Shangazi, hii wamekuuzia ya Marekani?" Akanieleza hivi. Mtandao wa simu husafiri hewani kwenye masafa, na masafa hayo yamegawiwa kwa mafungu yenye namba. Fungu la 3 ni la 1800 MHz, la 20 ni la 800, la 28 ni la 700, la 7 ni la 2600. Marekani na Canada wao hutumia sana mafungu mengine kama la 2, la 4, la 12 na la 13. Modemu yangu ilikuwa na hayo ya kwao, kwa hiyo 4G ya mnara wetu haikuwa ikiiona kabisa. Ilikuwa inaangukia 3G. Dukani, karibu na mnara na kabla ya watu kujaa, 3G ilitosha kuchezesha video moja. Nyumbani haikutosha. Yule kijana wa duka alikuwa mkweli kwamba taa zinawaka. Lakini taa kuwaka si ushahidi wa kitu chochote.

Mshonaji mwenzangu atanielewa upesi. Sindano ya charahani ya nyumbani ina upande mmoja bapa pale juu inapoingia. Sindano ya charahani kubwa ya kiwandani ni ya mviringo pande zote. Zote ni sindano, zote zina tundu na ncha, na ukiziona mezani utadhani ni ndugu. Ukienda dukani ukasema "nipe sindano nzuri," muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza, "ya charahani gani?" Asiyeuliza hakuuzii sindano, anakuuzia bahati. Modemu ni hivyohivyo. Muuzaji ambaye hakuulizi unakaa wapi na unatumia laini ya kampuni gani, huyo anakuuzia bahati.

Sasa nikuchekesheni kidogo. Baada ya masaibu hayo akaja wifi yangu anayeishi Toronto. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuwa amesikia habari zangu kwa kaka yake, basi wifi akaniletea waifai. Kisanduku kizuri, kizito, kipya. Nyuma yake kulikuwa na kitundu cha kuskurubu kama kile cha waya wa antena ya televisheni, na hakina pa kutilia laini. Kumbe kwao kampuni za televisheni za waya huleta na intaneti kwa waya huohuo, na mtu anaweza kujinunulia modemu yake mwenyewe. Huku kwangu hakuna waya kama huo hata wa kuchorwa. Na adapta yake ilikuwa ya umeme wa 120V, wetu ni 230V. Ningeichomeka tu, ingeungua.

Nilishukuru, nikaifunika kitambaa, nikaiweka juu ya kabati. Mwaka uliofuata wifi akarudi, akauliza, "Ile modemu inakusaidia?" Nikajibu, "Alhamdulillah." Dada zangu, neno lile lilinikaa kooni usiku kucha. Nilitumia kumshukuru Mola wangu ili nifiche uongo. Asubuhi nikamweleza kweli. Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Ningejua, ningekuletea pesa ukanunua mwenyewe." Kisanduku chake kilikuwa kimekaa mwaka mzima juu ya kabati kwa sababu ya haya isiyo na faida kwa yeyote.

Kwa hiyo bibi harusi, kabla ya kufikiria modemu, ijue kwanza nyumba unayokwenda kuishi.

Nenda pale nyumbani na simu yako yenye 4G, jioni, saa mbili usiku au saa tatu, wakati kila mtu anatumia. Azima laini za kampuni tofauti kwa ndugu na mashoga, uzijaribu moja moja katika chumba utakachofanyia kazi. Andika ipi imeshika 4G na ipi imeanguka 3G. Laini itakayoshinda ndiyo itakayokuambia modemu gani. Usianze na modemu ukaja kutafuta laini.

Kama unaolewa Mji Mkongwe, angalia zaidi. Kuta zile za mawe na chokaa ni nene, na mawimbi hayapiti kirahisi. Masafa ya chini kama 700 na 800 hupenya kuta na kwenda mbali kuliko ya juu kama 2600, kwa hiyo modemu yenye mafungu ya chini ni muhimu kwenu, mradi kampuni yako inayatumia pale. Hata hivyo, huenda kuiweka modemu dirishani tu kukatosha. Na walioko shamba, mbali na mnara, watafute yenye kitundu cha kuungia antena ya nje.

Pili, soma kibandiko. Kiko chini ya modemu au ndani pa kuwekea betri. Pana namba ya modeli, na namba hiyo isome mpaka mwisho. Kwa mfano, Huawei B315 si moja, zipo za aina kadhaa, na tarakimu zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazotofautisha masafa. Piga picha kibandiko, nenda kakae nyumbani, tafuta modeli hiyo mtandaoni uone mafungu yake, kisha waulize huduma kwa wateja wa laini yako wanatumia mafungu gani mtaani kwako. Ukikutana na asiyejua, omba uunganishwe na anayejua. Kuuliza si ujinga.

Tatu, uliza kama imefungwa. Modemu nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi zilitolewa na kampuni za simu na zinakubali laini ya kampuni hiyo tu. Atakayekuambia "utaifungua tu, ni namba ndogo," mwambie aifungue yeye, mbele yako, kabla hujalipa. Zipo zinazokupa nafasi chache za kuingiza namba, na nafasi zikiisha hazikubali tena.

Nne, wanaoletewa waya nyumbani wasikimbilie kununua kisanduku cha mkononi kwa mtu. Waya wa simu wa zamani una plagi nyembamba, waya wa mtandao una plagi pana zaidi, na fiba ni uzi wa kioo ambao una kisanduku chake maalumu. Kisanduku cha fiba lazima kampuni ikisajili kwenye mitambo yake ndipo kifanye kazi. Cha mtu aliyehama kinaweza kuwaka taa mpaka asubuhi bila ya kukupa kitu. Na modemu si sawa na ruta. Modemu huzungumza na kampuni, ruta hugawa waifai ndani ya nyumba. Visanduku vingi vina vyote viwili, lakini vipo vyenye ruta peke yake, na hivyo bila modemu ni pambo.

Tano, umeme. Adapta iandikwe 100-240V. Ikipotea, usichukue yoyote inayoingia. Modemu ya 5V ukiitia adapta ya 12V unaweza kuiua hapohapo. Na sisi wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa umeme unavyokatika. Waliokuwepo mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua kukaa gizani. Kama kazi yako haisubiri, tafuta yenye betri yake ndani.

Haya yote ukiyafanya bado unaweza kukosea. Ndiyo maana narudi kwenye siku tatu.

Mimi si sheikh, na masuala ya hukumu waulizeni wanaojua. Lakini sote tuliosoma chuoni tumefundishwa kwamba muuzaji anayeijua aibu ya mali yake ni wajibu wake aiseme, na mnunuzi akiikuta aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha. Tumefundishwa pia kuna hiari ya sharti: wawili wakikubaliana wakati wa kuuziana, mnunuzi hupewa muda wa kuamua, na kwa madhehebu yetu ya Kishafi'i muda huo hauzidi siku tatu. Ni mlango dini ilioufungua zamani sana, na sisi tumeuacha tukabandika karatasi ukutani kwamba mali hairudishwi.

Siku tatu kwa modemu zinatosha. Jioni tatu utaijua. Sema kabla ya kulipa: "Nakaa sehemu fulani, laini yangu ni hii, nataka 4G kwa simu za video. Isiponipa hiyo nyumbani, nairudisha ndani ya siku tatu ikiwa salama na kila kitu chake." Kisha iandikwe kwenye risiti, na muuzaji atie saini.

Wauzaji wataniambia, watu watachukua modemu Ijumaa watumie kwenye harusi, warudishe Jumatatu. Ni kweli wapo, na hiyo ni dhulma kama dhulma nyingine. Lakini hata mimi nina wateja wanaotaka kuvaa nguo kisha waseme haikuwatosha. Sijafunga mlango kwa sababu yao. Nimeweka masharti: lebo isitolewe, nguo isitiwe udi. Muuzaji wa modemu naye aweke masharti yake, abandike alama yake, achukue amana. Modemu yangu ya tatu niliinunua kwa mzee mmoja aliyekubali siku tatu bila ya kunung'unika. Ndiyo ninayotumia hadi leo, na nimeshampelekea wateja wasiopungua kumi.

Wapo pia watakaosema mambo haya ya vyombo vya umeme mwachie bwana. Mume wangu ni mtu mwema na nilimshirikisha tangu mwanzo, nawe mshirikishe wako. Lakini yeye anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Anayekaa na modemu ni wewe, na anayewajibika kwa bibi harusi wa watu ni wewe. Anayekitumia chombo ndiye anayestahiki kukijua. Na kama ni cha biashara yako, laini isajiliwe kwa jina lako, ili siku ikiharibika usihitaji kumtafuta mtu aliyeko safarini aweke kidole.

Na wewe shangazi, khalati, au shoga unayetaka kumtunza bibi harusi modemu, nia yako ni njema na Allah aikubali. Lakini modemu si seti ya vikombe. Muulize kwanza, au mpe pesa ndani ya bahasha. Usimtie mtoto wa watu katika mtihani wa kusema "Alhamdulillah" kama nilivyosema mimi.

La mwisho, mtandao ukifa usiihukumu modemu upesi. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, intaneti ikazorota nchi nzima, na mimi nilikuwa karibu kuitupa modemu yangu isiyo na kosa. Ulizia jirani kwanza.

Ile ya Toronto bado iko juu ya kabati. Msichana akija kupimwa akaniuliza habari za modemu, naishusha, nampa aishike, namwambia, "Hii ni nzuri sana, mpya kabisa. Mahali pake tu ndipo si hapa."

Allah awape wote ndoa zenye utulivu, rizki za halali na biashara zenye baraka. Amin.